Feni na Mafuta ya Kondoo

Feni ya kompyuta ya Wamaitha ilianza kulia kabla mtoto hajazaliwa, na mtoto alipozaliwa wakawa wanalia wote wawili. Ilikuwa feni ndogo tu, ile ya nyuma kwenye kisanduku cha power supply ambako waya wa umeme huingilia, kazi yake kupuliza joto litoke nje. Lakini kompyuta yenyewe ilikuwa ya mitumba na feni ilifika Kitengela ikiwa imeshachoka. Ilianza kwa kukwaruza. Baadaye ikawa inatoa sauti nyembamba inayopanda na kushuka, inakatika kidogo, halafu inaanza upya. Mgeni akiisikia kwa mara ya kwanza aligeuka kutafuta nani ameumia.

Nyumba ilikuwa chumba kimoja kwenye ghorofa ya pili, na pazia lililokigawa katikati. Upande mmoja kulikuwa na kitanda. Upande wa pili kulikuwa na kochi, jiko la gesi, na meza ambapo Wamaitha alikaa kutwa nzima na headphones masikioni akipokea simu za wateja wa kampuni moja ya kuuza taa za sola. Mteja akipiga kulalamika kwamba taa imekataa kuwaka, ni yeye aliyemjibu, kwa sauti ya mtu aliyekaa katika ofisi kubwa yenye zulia.

Alipoajiriwa alikuwa mjamzito na hakusema. Waliomhoji walimwona kwenye skrini kuanzia mabegani kwenda juu, na mabega hayaonyeshi mimba. Walimuuliza kama ana mahali tulivu pa kufanyia kazi, akasema anapo. Wakampa miezi mitatu ya kujaribiwa, isiyo na likizo ya aina yoyote, na ahadi kwamba akiimaliza vizuri atapewa mkataba wa kweli, wenye likizo na bima ya hospitali. Siku za kujifungua zilipofika, mume wake Koinet alipiga simu kazini akasema mkewe amelazwa, ana taifodi. Kabla nyuzi hazijapona Wamaitha alikuwa amerudi mezani, amekalia mto.

Miezi mitatu hiyo ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Kiwanda alichofanyia Koinet kule Athi River kilikuwa kimepunguza watu, na sasa alipakua simiti kwenye duka la hardware siku ambazo lori lilikuja. Kwa hivyo nyumba nzima ilikuwa imeegemea ile meza. Wamaitha alijua hivyo kila alipoketi.

Mama yake Koinet, Nolari, alikuwa ameshuka kutoka Bisil kumhudumia mkwewe, kama inavyotakiwa. Alikuja na chupa ya mafuta ya kondoo, kwa sababu mwanamke aliyezaa hupewa mafuta ya kondoo, na mwanamke asiyeyanywa anatafuta kukauka. Yeye na Wamaitha waliitana Paker. Ndivyo Wamaasai huitana watu waliopeana kondoo, na siku ya harusi Nolari alikuwa amempa huyu msichana wa Kikuyu kondoo jike mweupe mbele ya watu wote.

"Paker, kunywa," Nolari alisema, akiweka kikombe karibu na keyboard.

"Ashe, Paker, asante. Nitakunywa."

Alinywa kidogo, akizuia kichefuchefu. Nolari alipoenda kumwangalia mtoto, Wamaitha aliinuka polepole akamwaga yaliyobaki kwenye sinki na kufungulia maji. Alifanya hivyo karibu kila siku na kila siku aliona aibu.

"Paker," alisema siku moja, mtoto alipoanza kujinyonganyonga nyuma ya pazia, "si umpeleke hapo nje kwa jua kidogo? Nikimaliza simu nakuita."

Nolari alimwangalia kama mtu aliyeombwa amtupe mtoto barabarani. "Nje? Mtoto hajanyolewa. Hana jina. Nje iko watu, iko macho."

"Ni hapo tu kwa mlango."

"Hata mlango ni nje."

Mambo hayo hayakuwa na mjadala. Mtoto angetoka akishanyolewa na kupewa jina, na jina lilingoja kondoo wa kuchinjwa, na kondoo alimngoja Koinet apate pesa. Kwa kina Wamaitha mtoto huyu angekuwa ameshachukua jina la nyanya yake tangu hospitali. Hapa aliitwa mtoto tu.

"Na hawa watu yako," Nolari aliendelea, akiionyesha kompyuta kwa kidevu, "hawana mama? Mwanamke amezaa anakaa, anakula, analala. Hawawezi kukupa mapumziko?"

"Watanipa, Paker. Mwisho wa mwezi."

"Na hii kitu inalia tu kila siku. Mtoto atalala aje?"

Wamaitha alikuwa ameshageukia skrini. Simu nyingine ilikuwa imeingia.

*

Msimamizi wake aliitwa Akoth. Hawakuwahi kukutana uso kwa uso. Akoth alikaa Nairobi na angeweza kuingia katika simu yoyote bila kubisha hodi, akasikiliza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wakubwa juu yake.

"Wamaitha," alisema asubuhi moja, mteja alipokata tu, "kuna mtoto hapo?"

Mtoto alikuwa amelia, kilio kifupi cha njaa.

"Mtoto? Hapana, madam. Hakuna mtoto hapa. Ni feni ya kompyuta."

"Feni?"

"Ya power supply. Bush yake ya katikati imeisha, inakwaruza. Ngoja usikie."

Akavua headphones, akazipeleka nyuma ya mashine na kuielekeza maikrofoni kwenye wavu. Feni, kama iliyopangiwa, ikapanda sauti, ikakatika, ikaanza tena. Akoth akacheka mpaka akakohoa.

"Aki hiyo kitu inalia kama mtu. Itengeneze, wateja wanalalamika."

"Fundi anasema spea haipatikani, madam. Ameagiza. Mpaka mwisho wa mwezi."

"Sawa. Lakini mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi. Manager akisikiliza simu zako za mwisho, sitaki asikie hiyo kelele."

Tangu siku hiyo feni ikawa shahidi wa Wamaitha. Mtoto akilia, alisema, "Samahani, ni feni," na wateja wakaamini, kwa kuwa feni kweli ilikuwa ikilia. Alipanga mambo hivi: angeshikilia mpaka siku ya mwisho, siku hiyo amnyonyeshe mtoto mpaka alewe maziwa, apokee simu zake mtoto akiwa usingizini, mkataba utiwe sahihi. Baada ya hapo angesema ukweli wote, na wamfanye watakavyo.

Lakini lile neno, hakuna mtoto hapa, halikumtoka. Alikuwa amelitamka mwanawe akiwa hatua chache kutoka kwake, nyuma ya pazia. Jioni alipombeba hakuweza kumtazama machoni kwa muda mrefu.

*

Koinet ndiye aliyemleta fundi. Hakuambiwa, alifanya kwa mapenzi. Alikuwa amesikia mkewe akilaumiwa juu ya kelele, na kwa kuwa hakuwa na mengi ya kumsaidia, aliona hili analiweza. Alimleta Mulinge, kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta karibu na stendi, siku Wamaitha alipokuwa kwenye mapumziko yake ya saa ya chakula.

"Supa," Nolari alimsalimu mgeni kutoka kwenye kochi, mtoto amefunikwa shuka mpaka kichwani asionekane.

Mulinge alizima mashine, akachomoa waya, akaigeuza mgongo. Aliingiza bisibisi nyembamba katikati ya wavu na kubandua karatasi ndogo ya mviringo iliyobandikwa katikati ya feni.

"Mnaona hapa? Imekauka kabisa. Inataka tu mafuta. Tone moja ama mbili, itanyamaza." Akaanza kupekua mkoba wake.

"Usiweke," Wamaitha alisema.

"Ni ya cherehani, madam, haina shida."

"Nimesema usiweke. Nitakuita siku ingine."

Mulinge alimgeukia Koinet. "Sasa wewe uliniitia nini? Nimefunga kibanda nikuje."

Koinet alimsindikiza hadi kwenye ngazi akimwomba radhi, na watu wa nyumba ya jirani walikuwa wamefungua mlango kusikiliza. Aliporudi alimvuta mkewe nyuma ya pazia.

"Unaniaibisha mbele ya watu kwa nini?"

Wamaitha akamweleza yote kwa kunong'ona. Koinet alisikiliza akiangalia sakafu. Mwishowe aliketi kitandani.

"Kwa hivyo umesema hatuna mtoto."

"Nimesema hakuna mtoto hapa. Ningesema nini, Koinet? Niambie ningesema nini."

"Yeyo asijue. Mama akisikia mtoto amekanwa hata kabla ya kupewa jina, hatakula tena kwa hii nyumba. Atasema tumemlaani."

"Si nimemlaani?"

Koinet alimshika mkono, na wakakaa hivyo mpaka saa ya chakula ikaisha na simu zikaanza kuita. Upande wa pili wa pazia, Nolari alikuwa bado ameikazia macho ile feni. Katika maneno yote ya fundi alikuwa ameshika moja, na hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Mashine ilitaka mafuta.

*

Siku iliyotangulia siku ya mwisho haikuwa ya kazi kwa Wamaitha, naye alienda kliniki kuangaliwa nyuzi. Alirudi amechoka, akalala na mtoto kifuani.

Asubuhi alimnyonyesha mtoto kama alivyopanga, ziwa hili na lile, akamlaza, akaketi mezani na kuwasha kompyuta. Taa ya kijani ikawaka. Skrini ikafunguka. Kulikuwa kimya kabisa.

Kwanza alidhani feni imekufa. Akainama kuichungulia nyuma, akaiona inazunguka vizuri sana, laini, bila hata mkwaruzo. Kwenye wavu kulikuwa na weupe uliogandia, na harufu aliyoijua ikampanda puani. Kwenye ukingo wa meza kulikuwa na njiti ya kiberiti iliyopakwa mafuta.

Nolari alikuwa amesimama kando ya jiko, uso wote ukicheka.

"Nimeitengeneza," alisema. "Jana ulipoenda hospitali. Nimepasha moto mafuta kidogo, nimeweka pale kijana alionyesha. Ilikuwa imekauka tu, Paker. Hata mashine inakauka."

Wamaitha alifikiria kuyapangusa yale mafuta kwa kitambaa, na akajua hayatoki. Alifikiria kumwambia mama huyu ukweli. Akautazama ule uso uliofurahi, na saa ya kuingia kazini ikafika.

"Ashe, Paker," alisema, akavaa headphones.

"Wamaitha, habari ya asubuhi," ilikuja sauti ya Akoth. "Leo uko clear kabisa. Umerekebisha?"

"Ndiyo, madam."

"Good. Manager yuko kwa line na sisi. Fanya tu vile unafanyanga. Ukimaliza hizi simu, contract yako iko hapa kwa meza."

Simu ya kwanza ilienda vizuri. Ya pili pia. Wamaitha alikuwa ameanza kupumua. Ya tatu ilikuwa ya mzee mmoja kutoka pande za Ukambani, mtu wa maneno mengi, ambaye taa yake iliwaka mchana ikazimika giza likiingia. Walikuwa katikati ya kuhesabu vitufe vya kubonyeza wakati mtoto alipoamka.

Alianza polepole. Wamaitha aliongeza kasi ya maneno. Nyuma ya pazia alimsikia Nolari akimbembeleza kwa Kimaasai, akimwimbia, akimpigapiga mgongoni. Mtoto akapandisha. Kilio kikajaa chumba chote, na hapakuwa na kitu kingine cha kusikika.

"Mama," mzee alisema, "ni mtoto huyo analia?"

Pazia likafunguka. Nolari alitoka amembeba mtoto mikononi, akaja akasimama mbele ya meza na kumnyoosha kwake. "Paker, anataka ziwa."

"Mama, uko? Nauliza kama kuna mtoto."

Wamaitha alijua neno la kusema. Alikuwa amelisema mara nyingi likamzoea. Lakini nyakati zile zote pazia lilikuwa limefungwa. Sasa mtoto alikuwa mbele yake, mdomo wazi, ngumi zimekunjwa, na nyanya aliyemshika alikifahamu Kiswahili hicho kidogo vizuri vya kutosha. Katika masikio yake, mahali fulani Nairobi, watu wawili walikuwa wakisikiliza bila kupumua.

"Ndiyo, mzee," alisema. "Kuna mtoto. Ni wangu."

"Basi mnyonyeshe kwanza. Hii taa itangoja. Mimi nimelea tisa, najua hiyo sauti."

Alimpokea mtoto, akafungua blauzi, na kilio kikakatika. Aliendelea kumwelekeza mzee kitufe kwa kitufe, kwa sauti ileile ya ofisi yenye zulia, machozi yakimdondokea mtoto shavuni. Mzee akasema taa imewaka, akawabariki wote wawili na kukata.

Halafu ukasikika mlio mfupi wa manager akiondoka kwenye laini.

"Wamaitha," Akoth alisema. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Ile taifodi."

"Ilikuwa yeye."

"Si ungeniambia?"

"Ningekuambia, ungenichukua?"

"Mimi ndiye niliambia manager ni feni," Akoth alisema. "Nilimwapia. Sasa hata mimi nimeonekana mwongo." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Mtoto anakaa mwenye nguvu. Subiri email."

Skrini ikamtoa kwenye mfumo yenyewe. Alijaribu kuingia tena, ikakataa.

*

Barua pepe ilikuja kabla ya chakula cha mchana, kwa Kiingereza cha adabu. Ilimshukuru, ikamtakia mema, ikasema kampuni haiwezi kuendelea na mtu aliyeficha habari muhimu kuhusu mahali pake pa kazi. Mahali pa kazi. Hata humo mtoto hakutajwa.

Koinet alirudi mapema, nywele nyeupe kwa simiti. Lori lilikuwa limekuja na kuondoka. Alipoona mkewe amekaa na mtoto mbele ya kompyuta, bila headphones, alijua. Akasoma kwa kuinama juu ya bega lake. Alisoma mara mbili. Macho yake yakaenda kwa ile njiti ya kiberiti, kisha kwa mama yake, na Wamaitha akauona mdomo wake ukifunguka. Akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Wamesema nini?" Nolari aliuliza. Alikuwa kwenye jiko akipasha kitu.

Wamaitha akaifunga ile barua.

"Wamenipa mapumziko, Paker," Wamaitha alisema.

Nolari aliweka sufuria chini. "Sasa? Leo?"

"Kuanzia leo."

"Enkai awabariki." Nolari alisimama akishika shanga zake kifuani. "Mimi nilijua. Nilisema hawa pia ni watu, wamezaliwa. Ni vile tu hawajasikia mtoto. Hiyo mashine ilikuwa inamfunika sauti. Wakimsikia, nilisema, watamhurumia mama yake."

Koinet aligeuka akaenda kusimama dirishani, mgongo kwao. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka na alijifanya anakung'uta simiti. Wamaitha alitamani naye angekuwa na dirisha la kuendea.

"Koinet," mama yake alimwita, "hata wewe furahi kidogo. Bibi yako atapona sasa. Utafute huyo kondoo, tumnyoe mtoto. Amengoja sana."

"Nitatafuta, Yeyo," alisema bila kugeuka.

Nolari alikuja na kikombe kinachofuka moshi, mafuta ya dhahabu yakielea juu, akakiweka karibu na keyboard mahali pake pa siku zote. Nyuma ya kompyuta feni ilikuwa ikizunguka bila sauti. Wamaitha alimhamishia mtoto mkono wa kushoto. Akakichukua kikombe na kunywa, bila kupumzika, mafuta yote mpaka chini, huku mama mkwe wake akimwangalia.

"Ongeza, Paker?"

"Ongeza," alisema, akamnyooshea kikombe.